Kutoka Utsungu hadi Wabaini: Mimea-mwitu ya Afrika ya Mashariki, Kemia Yake na Majina Yake

Miongoni mwa maswali yanayotufikia kutoka kwa wafasiri na walimu, lipo moja ambalo hurudi kila mara kwa sura mpya: dutu iliyopatikana katika mti wetu wenyewe, ikapewa jina na wanakemia wa ng'ambo, iandikweje kwa Kiswahili inaporudi nyumbani? Aghalabu swali hili huletwa kama jambo la tahajia tu. Kwa maoni yetu si la tahajia peke yake. Nyuma yake ipo historia ya zaidi ya miaka 150 ya kukusanya, kukausha, kuchemsha, kuchuja na kubatiza mimea ya sehemu hii ya dunia, na katika makala haya tunakusudia kuisimulia kwa kadiri inavyomhusu mtu ambaye kazi yake ni maneno.

Tuanze na mswaki. Daktari John Kirk, Mskoti, alikuwa tabibu na mwanabotania katika msafara wa Livingstone wa mto Zambezi ulioanza mwaka 1858. Katika nchi ya mto Shire alikuta wawindaji wakipaka mishale yao sumu waliyoiita kombe, iliyotokana na mbegu za mmea utambaao juu ya miti. Kirk alichukua kiasi cha sumu hiyo akaitia katika mfuko uleule uliokuwa na mswaki wake. Baadaye, alipousafisha mdomo, alionja uchungu usio wa kawaida, na alipojipima aliona mapigo ya moyo wake yamepungua. Mtu mwingine angeutupa mswaki na kushukuru Mungu. Kirk aliandika alichokiona, na vielelezo vya mmea vikapelekwa Uingereza. Daniel Oliver wa bustani ya Kew aliuita mmea huo Strophanthus kombe. Thomas Fraser wa Edinburgh akaichunguza sumu yenyewe, akapata humo dutu aliyoiita strofanthini, na mwaka 1885 akaieleza mbele ya madaktari wenzake kama dawa ya moyo. Mwaka 1906 Albert Fraenkel alianza kuwadunga wagonjwa dawa hiyo mshipani huko Strasbourg. Kirk mwenyewe alifika Unguja mwaka 1866 akakaa miaka mingi, na jina lake limo katika Landolphia kirkii, mmojawapo wa mimea ambayo watu wa pwani huiita mpira.

Neno hili mpira lastahili kutusimamisha kidogo, ingawa si shabaha yetu. Lilikuwa jina la mtambaazi wa msituni. Likawa jina la utomvu wake uliogandishwa na kuuzwa. Likahamia kwenye miti ya kigeni itoayo utomvu wa namna hiyo. Na leo kijana akitaja mpira, fikira zake zi uwanjani, wala hajui kwamba ametaja mmea. Hakuna kamati iliyokaa kuamua hayo.

Turudi kwenye kombe. Mfasiri mmoja aliwahi kutuuliza kama jina hili lina uhusiano na kombe la pwani, yaani aya zinazoandikwa kwa zafarani katika sahani, zikaoshwa kwa maji na kunywewa na mgonjwa. Hapana. Kombe la pwani ni sahani, na kombe la Shire ni jina la sumu katika lugha za huko. Lakini jina hilo la Shire halikupotea. Wanakemia walipokuja kugundua kwamba spishi nyingine za Strophanthus zina dutu za jamii hiyohiyo lakini zisizo sawasawa, walizitofautisha kwa herufi: ya Strophanthus gratus wakaiita g-strofanthini, na ya Strophanthus kombe wakaiita k-strofanthini. Herufi hiyo moja, k, ndiyo masalio ya maneno ya wawindaji wa Shire katika vitabu vya madawa. Mwalimu wa kemia huiandika ubaoni bila kujua kwamba ameandika neno la Kiafrika lililokatwa mkia.

Sumu ya pili ya mishale ina hadithi ndefu zaidi, na yatuhusu zaidi. Katika nyika za Kenya, Wagiriama na Wasanye walichemsha vipande vya mti ujulikanao kwa wanabotania kama Acokanthera schimperi kwa saa nyingi hadi maji yakawa mazito na meusi kama lami, wakaipaka lami hiyo kwenye vyembe vya mishale na kuvifunga kwa ngozi ili isikauke, wala isimdhuru aliyeibeba. Mshale wa namna hiyo humwangusha ndovu. Kigiriama huiita sumu hiyo utsungu, na mti wenyewe huitwa kwa shina hilohilo. Msomaji wa Kiswahili akikumbuka kwamba ts ya Kimijikenda mara nyingi hukutana na ch ya Kiswahili, ataona mara moja kwamba utsungu na uchungu ni neno moja. Maumivu, ladha kali ya ulimini na sumu ya mshale vyote vilikaa chini ya paa moja, hadi neno sumu lilipoingia kutoka Kiarabu na kuchukua chumba kimoja.

Mti huohuo, pamoja na ndugu zake, watumiwa vivyo hivyo na Wasomali, nao huuita waabaayo. Wafaransa waliusikia hivyo na kuuandika kwa mazoea ya lugha yao, ambayo sauti ya w huiandika kwa herufi ou. Mwaka 1888 Léon-Albert Arnaud alipata katika mti wa Kisomali dutu safi yenye fuwele, naye akaiita ouabaïne. Kiingereza kikalichukua jina hilo na kulitamka kwa namna zake. Baadaye ikathibitika kwamba dutu hii ndiyo ileile g-strofanthini. Kitu kimoja kikawa na majina mawili, moja la Kigiriki na moja la Kisomali, na vitabu vingine mpaka sasa huyataja yote mawili kana kwamba ni vitu viwili. Wafasiri wajihadhari hapo.

Kazi ya dutu hii mwilini ilieleweka polepole. Mwaka 1953 Schatzmann alionyesha kwamba glikosidi za moyo huzuia ile pampu iliyomo katika ngozi ya kila seli, inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Mwaka 1957 Mdenmarki Jens Skou aliigundua kimeng'enya inayofanya kazi hiyo, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997, na ouabaïne ilikuwa mojawapo ya vyombo vya kuitambulia. Pampu ikizuiwa kidogo, kalsiamu huongezeka ndani ya seli na moyo hupiga kwa nguvu zaidi. Ikizuiwa sana, mapigo huvurugika na moyo husimama. Tofauti ya dawa na sumu ni kipimo tu. Wala si binadamu peke yake aliyefahamu matumizi ya mti huu: mwaka 2011 watafiti walieleza jinsi panya mmoja mkubwa wa Afrika ya Mashariki, mwenye manyoya marefu ya mgongoni, anavyotafuna gamba la Acokanthera na kujipaka mate yenye sumu ubavuni, hata mbwa akimng'ata hufa au huponea chupuchupu.

Hizo ni habari za dutu. Habari za mimea yenyewe, yaani kuihesabu na kuipanga, zilifuata njia nyingine, na kwa bahati njema baadhi ya waliopita njia hiyo walikuwa watu wa kamusi. Padri Charles Sacleux, aliyefika pwani hii mwaka 1879, alikusanya mimea ya Unguja na Bagamoyo na kuipeleka Paris, na jenasi moja yaitwa Sacleuxia kwa heshima yake. Mtu huyohuyo ndiye aliyetunga kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyochapishwa mwaka 1939. Ndiyo sababu kamusi hiyo, ikitaja mti, haisemi tu kuwa ni aina ya mti, kama zisemavyo kamusi nyingi hata zetu za leo. Hutoa jina la Kilatini, kwa kuwa mtungaji aliushika mti mkononi. Twakiri kwamba kila tunapokutana na fafanuzi ile ya "aina ya mti" katika kamusi mpya, twaona haya.

Huko Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, Wajerumani walianzisha mwaka 1902 taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo. Kazi yake kubwa ilikuwa mazao ya biashara, wala si mimea ya msituni. Hata hivyo msitu ulikuwa mlangoni, nao ulichunguzwa. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, dawa zilipokatika, Amani ilitengeneza kwinini kutokana na magamba ya misinkona iliyopandwa pale. Neno kwinini nalo lina asili ya kiasili, ila ya mbali: ni quina ya Kikechua cha Amerika ya Kusini, pamoja na kiambishi walichokiongeza Pelletier na Caventou mwaka 1820. Baada ya vita Amani ikawa ya Waingereza, na hapo P. J. Greenway alitunga kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili, Kilatini na Kiingereza, iliyotoka mwaka 1937 na kutolewa tena mwaka 1940. Vizazi vya mabwana-miti na walimu wameitumia. John Kokwaro wa Nairobi alifuatia mwaka 1976 na kitabu chake cha mimea ya dawa ya Afrika ya Mashariki, ambamo majina ya lugha nyingi yameandikwa pamoja na lugha yalikotoka; na mwaka 1995 Bernd Heine na Karsten Legère walichapisha uchunguzi wa mimea ya Waswahili na matumizi yake. Kuhusu hesabu ya mimea yenyewe, kazi kubwa ya kuieleza mimea ya Uganda, Kenya na Tanzania ilianza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012. Ilichukua miaka 60, na spishi zilizoelezwa zapita 12,000. Hapana kamusi ya Kiswahili iliyokaribia hesabu hiyo, wala hatutarajii iwepo, kwa sababu watu hawaupi jina mmea wasio na shughuli nao.

Wapo wasomi wanaosema kwamba kwa kuwa majina ya wenyeji hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji, tuyaache na tutumie Kilatini tu, kisichobadilika. Hoja hii ina nusu ya ukweli. Kilatini nacho hubadilika. Mkutano wa wanabotania uliofanyika Vienna mwaka 2005 uliamua kwamba jina Acacia libakie kwa miti ya Australia, na uamuzi huo ukashikiliwa Melbourne mwaka 2011. Miti yetu ya jamii hiyo ikagawanywa katika Vachellia na Senegalia. Vitabu vya shule vilivyosema akasia vilipitwa na wakati siku hiyo, lakini mgunga ulibaki mgunga. Maua mazuri ya Usambara aliyoyaona Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Tanga, yaliitwa Saintpaulia mwaka 1893, na mwaka 2015 jenasi hiyo ikamezwa na Streptocarpus. Kwa hiyo mfasiri mwangalifu huandika majina yote mawili, la watu na la Kilatini, na kila moja humlinda mwenziwe.

Sasa tufike kwenye kiini cha hoja yetu. Wanakemia wa Ulaya, walipotaka kuupa utomvu au fuwele ya mti fulani jina, walichukua jina la mti na kuongeza mwisho wa -in. Kiswahili kilikuwa na njia yake ya kufanya jambo lilelile muda mrefu kabla ya Pelletier. Mbuyu ni mti, buyu ni tunda na kibuyu chake, ubuyu ni nyama ya unga iliyomo ndani. Mkindu ni mti, kindu ni tunda, ukindu ni majani yaliyochanwa kwa kusukia. Ngeli ya m- ni ya kitu kinachosimama, ngeli ya u- ni ya kitu kinachopatikana humo kisichohesabika. Tumeona utsungu ukifuata kanuni hiyohiyo, na utomvu na ulimbo vimo katika ngeli hiyo. Ni mfumo mzuri, na mfasiri asiyeujua hujiletea taabu. Tuliwahi kuletewa tafsiri ya maelezo ya bidhaa ambamo ubuyu uliitwa "unga wa tunda la baobabu". Mwenye kuifanya alikuwa mtu wa pwani, na yamkini alikula ubuyu utotoni njiani kwenda shule.

Je, basi tuiache -ini na kurudi kwenye u-? Baadhi ya wenzetu walilipendekeza jambo hilo kwa moyo wote, nasi tulishawishika kwa muda. Tumelikataa kwa sababu moja ya kemia. Mti mmoja hautoi dutu moja. Hutoa makumi, na pengine mamia. Kiambishi u- huweza kubeba kitu kimoja kwa kila mti, yaani ile mali ghafi ionekanayo kwa macho. Hakiwezi kutofautisha fuwele ya kwanza na ya kumi na saba. Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba mali ghafi iitwe kwa u- popote jina lilipo tayari katika vinywa vya watu, na dutu safi iliyotenganishwa maabarani ichukue -ini, -oli, -ali au -oni kulingana na muundo wake.

Kwamba jambo hili si la nadharia tupu laonekana katika kazi zilizofanywa Nairobi miaka ya 1970. Thomas Odhiambo alianzisha huko mwaka 1970 kituo cha kimataifa cha fisiolojia na ikolojia ya wadudu, na wanakemia wa Kijapani Koji Nakanishi na Isao Kubo walishirikiana nacho kutafuta mimea ambayo wadudu hawaili. Katika Warburgia ugandensis, mti ambao gamba lake huwasha ulimi kama pilipili na hutafunwa kwa kikohozi na maumivu ya tumbo, walipata dutu kadhaa zinazomfanya kiwavi aache kula. Moja waliiita warburganali, kwa Kilatini cha mti. Nyingine wakaiita muzigadiali, ambamo twasikia muziga, mojawapo ya majina ya mti huo. Katika tunda la Xylocarpus moluccensis, ndugu wa mkomafi wetu wa mikokoni, walipata zailomolini mwaka 1976. Kwa nini moja iliitwa kwa jina la wenyeji na nyingine kwa Kilatini? Kwa tuonavyo, ilitegemea ni mstari upi wa kibandiko cha kielelezo uliosomwa. Profesa Mayunga Nkunya na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliochunguza kwa miaka mingi mimea ya jenasi Uvaria, waliipa dutu moja ya Uvaria scheffleri jina la shefloni. Hivyo Scheffler, mkusanyaji mimea wa Kijerumani, akaingia katika kemia kwa mgongo wa jina la Kilatini.

Tutaje na Mahale, kando ya ziwa Tanganyika, kwa kuwa hapo elimu ya mwenyeji ilitangulia waziwazi na ikaandikwa hivyo. Mwaka 1987 Michael Huffman alikuwa msituni pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe mjuzi wa dawa na wa nyendo za sokwe. Walimwona sokwe jike aliyedhoofika akichuma tawi la mmea mchungu, akalimenya na kutafuna kiini chake. Kalunde aliutambua papo hapo: ni mjonso wa Watongwe, nao huutumia kwa maradhi ya tumbo. Sokwe yule alipata nafuu kesho yake. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1989 kwa majina ya wote wawili, na wanakemia wa Japani wakatenganisha katika mmea huo, Vernonia amygdalina, dutu chungu zikiwemo vernodalini na vernoniosidi. Jina mjonso halikuingia katika kemia, ingawa ndilo lililofungua mlango.

Haifai kudhani kwamba kila hadithi ya namna hii huishia vizuri. Mwaka 1985 ilitangazwa kwamba majani ya Aspilia, ambayo sokwe wa Gombe na Mahale huyameza mazima asubuhi, yana dutu nyekundu yenye nguvu ya kuua vimelea, thiarubrini. Habari ikaenea. Wachunguzi waliorudia kazi hiyo miaka ya 1990 hawakuikuta dutu hiyo majanini. Waliona badala yake kwamba majani yenyewe ni makwaruzo, nayo husukuma minyoo nje ya utumbo bila kumeng'enywa. Vitabu vilivyotafsiriwa kutokana na habari ya kwanza bado vimo mashuleni.

Kosa la jina laweza kuwa baya kuliko kosa la kemia. Mwarobaini, mti uliotoka Bara Hindi na kuitwa hivyo kwa maradhi arobaini unaosemekana kuyatibu, una ndugu afananaye naye, Melia azedarach, mmelia wa vitabu, upandwao kwa kivuli. Katika sehemu nyingi watu huuita huo nao mwarobaini. Matunda yake ni sumu kwa watu na nguruwe. Tuliwahi kupokea mswada wa kijitabu cha afya ulioshauri matumizi ya mwarobaini bila jina la Kilatini, bila picha, na bila kusema jani lina umbo gani. Tuliurudisha tukiomba mistari miwili tu: kwamba jani la mwarobaini limegawanyika mara moja, vijani vikipangana huku na huku, na la mmelia limegawanyika tena mara ya pili. Kwa jina mwarobaini peke yake, msomaji wa kijitabu kile angeweza kumchemshia mtoto wake mti usio wenyewe.

Maneno ya jumla ya kemia ya mimea hayana hatari hiyo, na mengine yana ucheshi. Alkaloidi, jina alilolibuni Meissner mwaka 1819, limejengwa juu ya alkali, ambalo ni Kiarabu, majivu ya mimea ya chumvi. Saponini, dutu zitoazo povu, zatokana na neno la Kilatini ambalo kwa njia ya Kiarabu lilitupa sabuni. Kwa hiyo saponini na sabuni ni binamu waliokutana maabarani bila kutambuana. Kuhusu tanini, walimu wangefanya vyema kuanza na ukakasi, neno ambalo mtoto yeyote aliyekula ndizi mbichi au bibo analijua mdomoni. Tanini hushikamana na protini za mate, na huo ndio ukakasi.

Imebaki ile dutu ya waabaayo. Wengine huandika ouabaini, wakibakiza tahajia ya Kifaransa ambayo Kiswahili hakina haja nayo. Jina la Kisomali laanza kwa w, na w tunayo. Tumependekeza wabaini. Tumeambiwa kwamba neno hilo lipo tayari, kwamba wabaini ni watu wanaobaini mambo, na kwamba mwanafunzi atachanganyikiwa. Lakini upatanisho wa sarufi hutatua hilo pasipo msaada wetu: wabaini wamechuja ni watu, na wabaini imechujwa ni sumu ya mshale.